Muulize Kine: Nyonga inaniuma tangu nianze futingi, niache?

Mwezi huu barua karibu zote ni za kiuno. Labda ni juu klabu za futingi (kukimbia kwa mazoezi) zimeongezeka, siku hizi ukitoka Goma saa kumi na moja asubuhi unakuta watu wengi barabarani kuliko moto (pikipiki). Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake iko karibu kila kosa ambalo naliona ku kabine yangu ya kine (tiba ya mazoezi ya viungo), mengine hata mimi niliyafanya.

*

Jambo Kine. Mimi ni mama wa miaka 43, nakaa Himbi, niko na watoto wanne na nauza vitambaa sokoni Virunga. Tangu mwaka jana niko nakimbia na wenzangu mara nne kwa wiki, tunafuata lami hadi upande wa Kyeshero halafu tunarudi, kama kilomita nane hivi. Sasa ni miezi mitatu kiuno cha kuume kinaniuma, si mgongo, ni pembeni kabisa pale mfupa unatokeza. Nikianza kukimbia kinauma, mwili ukipata moto kinaacha, lakini usiku ndiyo shida, siwezi kulalia ule upande na nikigeukia wa pili bado kinauma. Ku farmasi walinipa diclo (dawa ya maumivu), ikasaidia siku tatu. Shangazi ananikanda na maji ya moto, anafinya palepale mpaka nalia. Mwenzangu mmoja anasema nipige sindano inaisha mara moja, mwingine amenifundisha kuvuta goti mpaka bega la upande wa pili ili kunyoosha misuli. Bwana yangu anasema niache kabisa, eti kiuno cha mwanamke hakikufanyiwa futingi. Nifanye nini? (Mama wa Himbi)

Mama, asante kwanza kwa kuonyesha mahali vizuri, ungejua watu wangapi wananiambia "kiuno" halafu mmoja anashika mgongo, mwingine anashika tako, mwingine anashika kinena, na hayo ni magonjwa matatu tofauti. Wote wanaosoma hapa wafanye hivi: simama, onyesha maumivu na kidole kimoja, si mkono mzima. Kidole kikienda pembeni, kwenye ule mfupa unaogonga ukuta ukiegemea, endelea kusoma hapa. Kikienda mbele mu kinena, ruka uende moja kwa moja kwa barua ya pili, na usikimbie kabla hujaimaliza.

Ule mfupa wa pembeni ni kinundu cha juu, upande wa nje, cha mfupa wa paja, na hapo ndipo misuli ya tako inajifunga kwa kano. Kano ni ile kamba nyeupe unayoikuta ku nyama ya ng'ombe, ile ambayo meno haiiwezi. Kazi yake ni moja: ukisimama ku mguu mmoja, inashika kiuno kisianguke upande wa pili. Sasa kukimbia ni nini kama si kuruka kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, hakuna hata dakika ambapo miguu yote miwili iko chini pamoja, kwa hiyo ndani ya kilomita zako nane ile kano ya kuume inabeba mama mzima mara elfu nne na zaidi, halafu kesho kutwa tena. Kano ikizidiwa inakasirika, inavimba kidogo, inauma ukiilalia. Wengine wataambiwa "iko maji mu kiungo" kwa sababu karibu na hapo kuna kifuko kidogo cha maji kinachoweza kuvimba, lakini mara nyingi kisa ni kano yenyewe. Wanawake waliopita 40 ndio inawashika zaidi kuliko wanaume, kwa hilo tu bwana amekaribia ukweli, kwa lingine lote amekosea.

Shida kubwa ya kano hii si kukimbia tu, ni kubanwa. Kila mara paja linaingia ndani, yaani goti linavuka kwenda upande wa pili wa mwili, kano inavutwa na kukandamizwa juu ya mfupa kama kamba inayopita ku pembe ya ukuta. Sasa nikuulize, sokoni unasimama namna gani? Mimi nakuona bila kukuona: mteja anabishana bei, wewe umetupa uzito wote ku mguu wa kuume, kiuno kimetoka pembeni, mkono kiunoni. Nyumbani mtoto wa mwisho umemupachika ku kiuno kilekile. Ukikaa unapandisha mguu juu ya mguu, ukifua unakaa ku kiti kifupi magoti yamebanana. Usiku unalalia upande mzuri ukidhani unapumzisha mgonjwa, kumbe mguu wa juu unaanguka mbele na kano inavutwa masaa sita mfululizo, ndiyo maana "nikigeukia wa pili bado". Na juu ya hayo yote mwenzako anakuambia uvute goti mpaka bega la pili! Hilo zoezi acha leo. Mimi mwenyewe zamani niliwanyoosha watu hivyohivyo, wanatoka kabine wanacheka, wanasema wanajisikia wepesi, saa nne za usiku wananipigia simu.

Kwa hiyo tunaanza na usiku. Chukua mto mnene, kama hauna kunja blanketi na ufunge na kikwembe, uweke katikati ya miguu kuanzia magoti hadi vifundo, si magoti peke yake. Ama ulale chali na kitu chini ya magoti. Sokoni gawa uzito ku miguu yote miwili. Mtoto abebwe mgongoni, kama bibi zetu walivyotubeba. Hayo tu, bila dawa, watu wengi wanaanza kulala vizuri baada ya wiki mbili tatu.

Kukimbia huachi, unapunguza. Badala ya mara nne fanya mara tatu, na usiunganishe siku mbili, badala ya nane anza na nne, milima weka pembeni kwanza na yale mashindano ya mwisho mnayofanyaga mkikaribia kurudi pia weka pembeni. Pima maumivu kutoka 0 hadi 10, yakibaki chini ya 4 wakati wa kukimbia na usiku ule hayakuzidi ya kawaida, uko sawa. Yakizidi usiku au asubuhi unachechemea, jua ulipitisha, punguza tena. Usisikilize dakika za kwanza peke yake, kano inadanganya, ikipata moto inanyamaza halafu inakulipisha baadaye.

Tena kuna jambo la barabara ambalo watu hawaliangalii. Huku kwetu magari yanapita kuume, na nyinyi kwa akili nzuri mnakimbia kushoto ili muyaone yakija, na kwa sababu ya chukudu (vigari vya mbao) za makala na moto mnasukumwa mpaka pembeni kabisa, pale lami inainama kwenda ku mufereji. Sasa fikiria: mguu wa kushoto uko chini, wa kuume uko juu, ni kama mguu wa kuume umekuwa mrefu, na kiuno cha upande mrefu ndicho kinatoka nje na kano kubanwa. Kiuno chako kinachouma ni kipi? Siwezi kuapa ndiyo sababu pekee lakini mimi ningeanza kutafuta mahali tambarare, uwanja wa shule, ama avenyu isiyo na magari wengi ambapo unaweza kukimbia katikati. Njia za mawe ya volkeno, yale ya 2002 ambayo bado yanatoboa viatu vyetu, ziache mpaka upone, juu kila jiwe likiteleza ni tako linalofanya kazi ya kukushika.

Na hatua zako zifanye fupi kidogo na za haraka. Hesabu mara ngapi miguu inagusa chini ndani ya dakika moja, kama ni 160 jaribu 168, mwendo uleule, si kuongeza mbio. Ukikimbia usikanyage kama mtu anayetembea juu ya kamba, mguu mmoja mbele ya mwingine, acha nafasi ya ngumi moja katikati ya magoti.

Sasa dawa yenyewe, ambayo ni nguvu. Lala chali, kunja magoti, funga mkanda ama kikwembe kuzunguka mapaja, sukuma magoti nje kana kwamba unataka kukikata, shika sekunde 30, rudia mara tano. Hiyo unaweza kufanya hata siku inauma. Baada ya hapo unanyanyua matako ukiwa umelala chali vilevile, mara kumi, pumzika, tena mara kumi, ikikuwa rahisi fanya na mguu mmoja. Kusimama kutoka ku kiti bila kujisaidia na mikono, polepole. Kupanda ngazi moja na kushuka huku ukiangalia ku kioo kiuno kisianguke. Mwisho kabisa kutembea pembeni kama kaa, na mpira umefungwa juu ya magoti; usinunue kitu, mwombe fundi wa moto akukatie mpira wa ndani wa tairi iliyoisha. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Jipe wiki 8 hadi 12, si siku nane.

Kuhusu sindano, nisikie vizuri. Mwaka 2018 Waaustralia walitoa utafiti juu ya watu 204 wenye maumivu haya haya ya pembeni, wakawagawa mafungu matatu: wengine walifundishwa namna ya kusimama, kulala na kufanya mazoezi ya nguvu, wengine wakapigwa sindano moja ya kortizoni, wengine wakaambiwa tu wangojee. Baada ya wiki 8, ku kila 100 wa mazoezi 77 walisema wako vizuri zaidi, wa sindano 58, wa kungojea 29. Ilipofika mwaka mmoja wa sindano hawakuwa na tofauti kubwa na wale waliongojea. Kwa hiyo sindano si shetani, kwa mtu ambaye halali kabisa munganga anaweza kuifikiria, lakini haikujengei tako. Diclo nayo usiimeze kila siku na usiimeze kabla ya futingi ili usisikie, inatoboa tumbo na inachosha figo, zaidi ukikimbia bila kunywa maji, na kama unakunywa dawa za tansio (shinikizo la damu) ndiyo kabisa usiiguse bila kuuliza. Shangazi anaweza kuendelea na maji ya moto, na akande tako na paja, ila vidole vyake vitoke juu ya mfupa.

*

Kine, salama? Niko Bukavu, mwanafunzi, miaka 21. Najitayarisha kwa mbio za kilomita 21, ndani ya mwezi mmoja nimetoka 20 kwa wiki nikafika 50, napanda na kushuka vilima vya Kadutu kila asubuhi. Tangu wiki tatu naumwa mbele, ndani ya kinena, mguu wa kushoto. Zamani iliuma nikishuka tu, sasa hata nikitembea nachechemea na usiku inapiga. Nilipiga radio (picha ya mifupa) wakasema mfupa uko muzuri. Naweza kumeza kitu nikamalize mbio halafu nipumzike? Mbio ni baada ya wiki mbili. (Binti wa Ibanda)

Binti yangu, hapana. Nimekujibu mbele ya kueleza ili usije ukakosa muda wa kusoma.

Maumivu ya kinena kwa mtu aliyeongeza kilomita kwa haraka, yanayozidi ukikanyaga, yanayokufanya uchechemee, na sasa yanakuja usiku, hayo lazima yachukuliwe kama ufa mu shingo la mfupa wa paja mpaka mtu aonyeshe kwamba sivyo. Mfupa nao unachoka. Kila siku unabomoka kidogo na kujijenga, ukiubomoa haraka kuliko unavyojijenga unapasuka uzi mwembamba kama wa kikombe cha chai, kikombe bado kinashika chai, mpaka siku kinaachia. Shingo la paja likiachia unaenda operesheni, na damu inayolisha kichwa cha nyonga inaweza kukatika, tena uko na miaka 21.

Radio kuwa nzuri haimalizi neno. Ufa wa namna hii mwanzoni mara nyingi hauonekani ku radio, unaanza kuonekana baada ya wiki mbili tatu mfupa ukianza kujiunga, na wakati mwingine hauonekani kabisa. Kipimo kinachouona mapema ni IRM (MRI, picha ya mashine ya sumaku). Najua si kila hospitali iko nayo na najua bei yake inatisha, ndiyo maana nakuambia la bure kwanza: leo acha kukimbia, acha kuruka, tafuta mikongojo uondoe uzito ku huo mguu, rudi kwa munganga wa mifupa umwambie maneno haya haya uliyoniandikia, hasa usiku na kuchechemea, na muulize ikiwa anaogopa ufa mu shingo la paja. Kama IRM haipatikani wapige radio tena baada ya muda, wewe bado uko ku mikongojo. Usijipime kwa kuruka ku mguu mmoja "kuona kama imepona".

Swali moja ambalo pengine hukuona lina uhusiano: damu ya mwezi inakuja? Wasichana wanaokimbia sana na kula mara moja kwa siku, na mwanafunzi wa Bukavu namjua, chai asubuhi na ugali jioni, mwili unaanza kubana matumizi, unafunga hedhi kwanza na mifupa inakuwa dhaifu. Kama imepotea miezi mitatu umwambie munganga, hata kama ni mwanaume, hata kama hakukuuliza. Na ule, sambaza na maharagi viko karibu na wewe.

Mbio zingine zitakuja.

*

Mutani Kine, miye niko Lubumbashi, myaka 58, nakimbiaka kila siku ya yenga na siku ya tatu, polepole, tangu nilikuwa kijana. Siumwi kitu. Lakini bibi yangu anasemaka nitamaliza mifupa ya nyonga, na ku kazi wote wanasema vile. Ni kweli? (Papa wa Kampemba)

Papa, bibi anakupenda lakini hesabu hazimsaidii. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti nyingi pamoja wakatazama nani ana nyonga ao magoti yaliyolika: watu wanaokimbia kwa kujifurahisha kama wewe walikuwa 3.5 ku kila 100, watu wasiokimbia 10.2, na wale wakimbiaji wa mashindano makubwa 13.3. Haimaanishi kukimbia ni chanjo, labda wenye nyonga mbovu waliacha kukimbia mapema wakahesabiwa upande wa pili, lakini ule wimbo wa "unamaliza mifupa" kwa mtu wa mara mbili kwa wiki hauna mguu wa kusimamia. Na mji wenu ni tambarare, sisi wa Goma na Bukavu tunawaonea wivu.

Jambo moja la kuangalia tu: siku ukishindwa kuvaa soksi ama kukata kucha za mguu kwa sababu nyonga haikunji, au ukiamka imekaza na kinena kinauma, hapo piga radio. Kabla ya hapo kimbia.

*

Kine, mdogo wangu ni SS (ana selimundu), miaka 17, anapenda mpira na kukimbia na wenzake Ndosho. Sasa ananiambia nyonga inamuuma na anachechemea kidogo, baba anasema ni uvivu wa shule. (Yaya yake)

Si uvivu. Kwa mtoto SS damu inaweza kuziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha nyonga na mfupa ukafa polepole, inaanza na maumivu ya kinena au paja, hata goti, na kuchechemea kidogo hivyohivyo. Asikimbie wala kucheza mpira mpaka aonwe, mpelekeni wiki hii apigwe radio ya nyonga zote mbili, na mfupa ukionekana mzuri wakati anaendelea kuumwa msiridhike, ni kama kwa yule binti wa Bukavu. Akiwa na homa pamoja na hayo maumivu ni leo, si wiki hii, juu watoto SS wanashikwa pia na vijidudu ndani ya mfupa. Baba umwonyeshe gazeti.

Nitumie nafasi hii kuwaambia na wengine: vidonge vya dexa (deksametazoni, dawa ya jamii ya kortizoni) ambavyo watu wanameza ili wanenepe mashavu vinaweza kuua kichwa cha nyonga vilevile, hata kwa mtu asiye SS. Nimeona vijana wa miaka thelathini wanaotembea na fimbo.

*

Kine, viatu gani vinaponya nyonga? Niko na dola kumi tu. (Motari, Majengo)

Hakuna vinavyoponya. Kwa dola kumi nenda mitumba ya Birere asubuhi mapema, chukua kiatu, kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikiwa kimelalia upande mmoja kirudishe, mwenye nacho wa kwanza alikuwa anatembea vibaya na hutaki kumrithi. Kikunje, kikunjike karibu na vidole, si katikati. Vaa vyote viwili, tembea hapo hapo sokoni, acha muuzaji akasirike. Na wewe motari, kabla ya kulaumu kiatu, ukikaa ku moto masaa kumi na mbili shuka kila baada ya kurusi (safari za abiria) mbili tatu unyooshe miguu, hiyo haina bei.